Mrija Kichwani, Macho Kitandani

Juni 28, 2025, basi na basi dogo yaligongana katika eneo la Sabasaba wilayani Same, yakawaka moto, na zaidi ya watu 35 wakapoteza maisha. Nchi nzima ilisikia. Lakini majeruhi wengi wa kichwa katika barabara kuu iendayo Moshi na Arusha, na katika njia za vumbi zinazopanda Vudee, Mamba na Bombo, habari zao hazifiki redioni. Ni kijana wa bodaboda aliyeteleza kwenye kona na gunia la tangawizi wakati wa masika, ni mtoto aliyegongwa akivuka lami pale Hedaru, ni mzee aliyeanguka kutoka juu ya mti. Mtu wa namna hiyo akifikishwa hospitali hajitambui, ndugu zake hawachelewi kusikia neno rufaa, na kwa watu wa Same rufaa maana yake ni Moshi, hospitali ya Mawenzi au KCMC, mwendo wa kilomita kama 100. Akishalazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi cha hospitali kubwa, hapa nchini au nje, linaweza kuja swali ambalo wengi hawajawahi kulisikia: mnakubali atobolewe fuvu ili kipimo kiingizwe ndani ya ubongo? Swali linatisha, na hofu yake kwa kawaida inaangukia kwenye lile tundu. Hoja yangu ni kwamba tundu lenyewe ni sehemu ndogo ya hatari. Usalama wa kipimo hiki unategemea zaidi watu wanaokilinda usiku na mchana, na matibabu yanayofuata baada ya namba kusomwa. Pasipo watu hao na matibabu hayo, mgonjwa anabeba hatari bila faida.

Fuvu la mtu mzima halitanuki. Ndani yake mna vitu vitatu: ubongo wenyewe, damu iliyo katika mishipa, na maji yanayouzunguka ubongo na kujaa kwenye vyumba vyake vya ndani. Alexander Monro wa Edinburgh aliliandika jambo hili mwaka 1783, na George Kellie akaliendeleza mwaka 1824: kimoja kikiongezeka, kingine sharti kipungue, la sivyo presha inapanda. Aliyeumia kichwa hupata bonge la damu ndani, au ubongo wake huvimba taratibu kwa saa na siku zinazofuata. Mwanzoni maji husukumwa kushuka kwenye uti wa mgongo, nafasi ikapatikana. Nafasi hiyo ikishakwisha, uvimbe mdogo tu unatosha kuipandisha presha kwa kasi. Kwa mtu mzima aliyelala, presha ya ndani ya fuvu kwa kawaida haizidi milimita 15 za zebaki, na mwongozo wa taasisi ya Brain Trauma Foundation ya Marekani wa mwaka 2016 unataka matibabu yaanze inapopita 22. Sababu yake ni hesabu ya kutoa. Damu huingia kwenye ubongo kwa nguvu ya presha ya mishipa, ukiondoa presha ya ndani ya fuvu. Mgonjwa mwenye wastani wa presha ya damu wa 80 na presha ya fuvu ya 10 anabakiwa na 70 za kuulisha ubongo. Ya fuvu ikifika 40, anabakiwa na 40, na ubongo unaanza kufa kwa kukosa damu, au unasukumwa chini na kubana sehemu inayoongoza kupumua. Mgonjwa aliyelazwa kwa dawa za usingizi hawezi kusema kwamba kichwa kinauma. Ndiyo maana madaktari walitafuta njia ya kuisoma presha hiyo moja kwa moja, na Nils Lundberg wa Lund, Sweden, mwaka 1960 alichapisha kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya 100 aliowapima mfululizo kwa mrija ulioingizwa ndani ya ubongo.

Mrija wa namna hiyo unatumika hadi leo. Daktari hunyoa sehemu ya mbele ya kichwa, mara nyingi upande wa kulia, hupima kama sentimita 11 kutoka shina la pua kurudi nyuma na 3 kutoka mstari wa katikati, hupasua ngozi, hutoboa mfupa kwa kekee, hupenya utando mgumu ulio chini yake, kisha huusukuma mrija laini sentimita 5 hadi 6 mpaka maji yatoke. Ubora wake ni kwamba unapima na wakati huohuo unaweza kuyatoa maji na kuipunguza presha. Njia ya pili ni waya mwembamba wenye kihisio kwenye ncha, unaoingizwa kina kifupi kwenye nyama ya ubongo. Huo unapima tu, hautoi kitu, ila huleta maambukizi mara chache zaidi. Katika uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi za mrija, picha zilionyesha damu kidogo imevuja kwa wagonjwa kama 6 katika kila 100, lakini waliopata madhara makubwa kwa uvujaji huo hawakufika hata mmoja katika 100. Maambukizi ndiyo yanayosumbua zaidi. Hapo takwimu zimetawanyika mno: hospitali moja inaripoti chini ya wagonjwa 5 katika 100, nyingine zaidi ya 20. Naona mtawanyiko huo unafundisha kuliko wastani wake. Mrija ni uleule, ubongo ni uleule, kilichotofautiana ni mikono: nani alinawa, nani alifungua kiungo cha mrija kuchukua maji ya maabara bila sababu ya maana, na mrija uliachwa siku ngapi baada ya kazi yake kwisha.

Kuna hatari nyingine isiyozungumzwa sana, nayo ni namba ya uongo. Kipimo cha mrija kinasomwa na kihisio kilichofungwa kwenye nguzo kando ya kitanda, na kihisio hicho lazima kiwe usawa wa tundu la sikio la mgonjwa. Muuguzi akiinua kichwa cha kitanda ili mgonjwa apumue vizuri na kihisio kikaachwa pale kilipokuwa, hesabu inavurugika: tofauti ya sentimita 14 tu, pungufu ya shubiri, inaongeza au kupunguza milimita 10 za zebaki. Presha ya kweli ya 15 itasomeka 25, na mgonjwa atapewa dawa asizohitaji. Kichwa kikishushwa kihisio kikabaki juu, ya kweli ikiwa 28 itasomeka 18, na kila mtu atalala usingizi huku ubongo unabanwa. Mrija ulioachwa wazi wakati mgonjwa anageuzwa au anapelekwa kupigwa picha unaweza kumwaga maji mengi kwa mkupuo, ubongo ukanywea na mishipa iliyo juu yake ikachanika. Waya wenye kihisio nao, ukishaingizwa, kwa kawaida hauwezi kurekebishwa, na usomaji wake unaweza kupotoka kadiri siku zinavyopita. Kuyazuia haya hakuhitaji mtambo wa gharama. Kunahitaji muuguzi mmoja kwa mgonjwa mmoja, au kwa wasiozidi wawili, aliyefundishwa na asiyeitwa kila dakika kwenye wodi nyingine. Hospitali inayonunua mirija kabla ya kuajiri wauguzi inanunua hatari.

Ushahidi mkubwa kuhusu jambo hili ulitoka Bolivia na Ecuador, nchi ambazo hospitali zake nyingi zilikuwa zikiwatibu majeruhi hawa bila kipimo. Utafiti ulioongozwa na Randall Chesnut, ukachapishwa Desemba 2012, uliwagawa kwa kura wagonjwa 324 wenye majeraha makali ya kichwa. Nusu walitibiwa kwa kufuata namba ya kipimo kilichoingizwa ndani ya ubongo, wakilenga presha isizidi 20. Nusu nyingine walitibiwa kwa kufuata picha za CT-Scan zilizopangiwa siku zake, pamoja na uchunguzi wa mara kwa mara wa mboni za macho, fahamu na mwitikio wa viungo. Baada ya miezi sita, waliofariki walikuwa 39 katika 100 kwa kundi la kwanza na 41 kwa la pili, tofauti ambayo kitakwimu si kitu, na hali ya walionusurika ililingana pia. Waliotibiwa kwa picha na uchunguzi walipewa matibabu ya kushusha presha kwa siku nyingi zaidi, kwa kuwa daktari asiye na namba huogopa kuyasimamisha mapema. Geji ya mafuta haijazi tangi, na matokeo haya yalikumbusha jambo hilo: kipimo hakitibu, kinamwambia tu anayetibu lini aanze na lini aache.

Na yale matibabu nayo yana makali yake. Dawa ya manitoli hukausha maji mwilini na inaweza kuziumiza figo. Kuiharakisha mashine ya kupumulia hushusha presha kwa kuibana mishipa, yaani kwa kuunyima ubongo damu ileile unayoihitaji. Kuondoa kipande kikubwa cha fuvu ili ubongo upate nafasi kulipimwa katika utafiti wa RESCUEicp uliochapishwa mwaka 2016, na miezi sita baadaye waliofariki walikuwa 27 katika 100 dhidi ya 49 kwa wasiofanyiwa. Hiyo ni faida kubwa. Hata hivyo, waliobaki hai bila kuutambua ulimwengu walikuwa 8.5 katika 100 dhidi ya 2.1. Familia inayoambiwa kwamba presha imegoma kushuka na kwamba upasuaji huo ndio uliobaki inastahili kuzijua namba zote mbili, kwa sababu atakayeishi na matokeo yake kule Usangi au Gonja, akimgeuza mgonjwa kitandani kila baada ya saa mbili, ni familia yenyewe.

Wanaokitetea kipimo wana hoja yenye uzito. Utafiti uitwao SYNAPSE-ICU wa mwaka 2021 uliwafuatilia wagonjwa 2,395 katika nchi 42, na vifo baada ya miezi sita vilikuwa vichache kwa wagonjwa waliopimwa, hasa wale wenye dalili mbaya zaidi kama mboni isiyoitikia mwanga. Mwongozo wa mwaka 2016 nao bado unapendekeza kupima. Hapa lazima tuwe waangalifu pande zote mbili. Katika SYNAPSE-ICU hakuna kura iliyopigwa: aliyewekewa kipimo aliwekewa kwa kuwa daktari aliona anafaa, na mara nyingi hospitali yenye vipimo ndiyo yenye wauguzi wa kutosha, damu ya kuongeza na chumba cha upasuaji kilicho wazi usiku. Watafiti walijaribu kuzisawazisha tofauti hizo kwa hesabu, lakini hesabu haiwezi kuweka kila kitu mezani. Kwa upande wa pili, itakuwa kosa kuuchukua utafiti wa Bolivia na Ecuador kama ruhusa ya kuipuuza presha ya fuvu. Makundi yote mawili yalitibiwa presha; walichotofautiana ni namna ya kuigundua. Nikiziweka tafiti hizi pamoja, naona kipimo kina nafasi kwa mgonjwa mahututi zaidi, katika hospitali iliyokwisha kujikamilisha kwa mambo mengine. Kinyume chake hakuna ushahidi wowote kwamba kinaweza kuliziba pengo la mambo hayo.

Afrika Mashariki ina kumbukumbu yake katika suala hili, na watu wachache wanaijua. Huko Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti waliwapima presha ya ndani ya fuvu watoto 23 waliokuwa wamezimia kabisa kwa malaria ya ubongo, na matokeo yakachapishwa mwaka 1997. Watoto wote walikuwa na presha iliyopita kiwango cha kawaida. Wanne presha yao ilipita 40. Wawili kati yao walifariki na wawili waliobaki walipata ulemavu mkubwa wa ubongo. Manitoli iliishusha presha kwa muda, lakini kwa waliozidiwa haikuizuia kupanda tena bila kudhibitiwa. Baadaye nchini Uganda watoto 156 wenye malaria ya ubongo waligawanywa kwa kura, wengine manitoli wengine la, na dawa hiyo haikuleta faida iliyoonekana. Majibu yalitoka mwaka 2007. Kupima kwa Kilifi kulikuwa na thamani kubwa ya kielimu, kwa sababu kulionyesha kwamba ubongo wa mtoto mwenye malaria unabanwa kweli. Ila wodi za watoto hazikujazwa vipimo baada ya hapo, na ilikuwa sawa: namba ilikuwa imejulikana, lakini dawa ya kuifuata haikuwapo.

Na hapa milima ya Upare ina neno la kuongeza. Kuanzia katikati ya miaka ya 1950, tambarare zilizo chini ya milima hiyo, pande za Gonja hadi Taveta ng'ambo ya mpaka, zilikuwa eneo la mradi maarufu wa Pare-Taveta, ambapo nyumba zilipuliziwa dawa ya dieldrini hadi mwaka 1959. Malaria ilishuka sana na vifo vya watoto vikapungua. Upuliziaji ulipokoma, ugonjwa ukarudi polepole. Mamia ya watoto ambao ubongo wao ungeweza kubanwa hawakuhitaji kitanda cha mahututi, kwa kuwa hawakuugua. Sisemi kwamba kinga inaondoa haja ya tiba. Nasema kwamba anayepanga matumizi ya fedha ya afya Same anayo historia ya mlangoni kwake ya kumwongoza.

Historia hiyo ya kinga inaturudisha barabarani. Mwaka 1993, miaka mingi kabla ya utafiti wa Bolivia na Ecuador, Chesnut huyohuyo na wenzake walichambua kumbukumbu za majeruhi 717 wa Marekani wenye majeraha makali ya kichwa. Waligundua kwamba presha ya damu kushuka chini ya 90, hata mara moja tu kabla ya kutulizwa hospitalini, iliambatana na vifo takriban mara mbili ya wale ambao haikushuka. Kukosa hewa ya oksijeni kuliongeza madhara. Linganisha sasa na safari ya majeruhi wa Maore, upande wa mashariki wa milima: kwanza anainuliwa na wasamaria na kupakiwa alivyo, shingo ikining'inia, kisha kituo cha afya au Hospitali ya Gonja, kisha barabara ya Kisiwani inayopita kando ya Hifadhi ya Mkomazi hadi Same mjini, kisha lami hadi Moshi. Uamuzi mkubwa kuhusu ubongo wake umekwisha kufanyika njiani. Mtungi wa oksijeni uliojaa kwenye gari la wagonjwa, mhudumu anayejua kumlaza kwa ubavu na kuisafisha njia ya hewa, dripu ya kuzuia presha isidondoke, simu inayopigwa Moshi mapema ili CT-Scan na chumba cha upasuaji viwe tayari kwa bonge la damu linalohitaji kutolewa mara moja: kila kimojawapo kina uwezo wa kuokoa ubongo mwingi kuliko mrija utakaoingizwa saa kumi baadaye. Fedha za UVIKO-19 za mwaka 2021, Sh1.3 trilioni, zilipeleka CT-Scan, vyumba vya mahututi na mitambo ya oksijeni kwenye hospitali za rufaa za mikoa, na huo ulikuwa mwelekeo sahihi. Na kofia ngumu ya pikipiki, iliyofungwa mkanda barabara, hupunguza hatari ya kuumia kichwa kwa kiasi cha asilimia 69. Abiria wa bodaboda anayepanda Mamba kwa kawaida hana.

Kuna watakaosema huu ni utabibu wa maskini: mgonjwa wa London apimwe ndani ya ubongo, wa Same amulikwe tochi machoni. Nauelewa uchungu wa lawama hiyo, maana mara nyingi watu wetu wamepewa kilicho duni na kuambiwa kinawatosha. Lakini ule uchunguzi wa macho na picha uliolingana na kipimo haukuwa kitu rahisi. Ulidai picha ya CT-Scan siku ya kulazwa, nyingine baada ya saa 48, na nyingine kati ya siku ya tano na ya saba. Ulidai pia mtu wa kumwangalia mgonjwa kila saa, usiku kucha: kufungua kope, kumulika mboni moja kisha ya pili, kuona kama zinalingana na kama zinasinyaa, kumbana kidole kuona kama mkono unavuta au unanyooka, kuandika, na kumwamsha daktari mboni moja ikianza kutanuka. Mwaka 2020 wataalamu wa nchi mbalimbali waliandaa mwongozo kamili wa kutibu kwa njia hii pale ambapo kipimo cha ndani hakipo. Kilicho duni ni kumlaza majeruhi pasipo kipimo na pasipo macho pia. Wodi ikiweza kuufanya uchunguzi huo wa kila saa bila kuruka, imeshapata wauguzi wale wale ambao mrija ungewahitaji. Na hapo hospitali ya rufaa ina haki ya kudai kipimo cha ndani kwa wagonjwa wake wachache walio taabani, tena kwa sauti.

Yapo pia majaribio ya kupima bila kutoboa, kama altrasaundi inayowekwa juu ya kope na kupima unene wa ala ya mshipa wa fahamu wa jicho, ambayo hutanuka presha ya fuvu inapopanda. Ni msaada mzuri wa kushuku na kuharakisha rufaa. Haujafikia usahihi wa kuchukua nafasi ya mrija au waya kwa mgonjwa ambaye matibabu yake yanabadilishwa saa kwa saa, na inafaa hospitali isiuuze hivyo.

Basi familia iliyoko Moshi, fomu ya ridhaa mkononi na simu za wazee kutoka mlimani zikiingia, iulize mambo ambayo daktari mwenye heshima atayajibu bila kuudhika. Ni mrija au ni waya, na kwa nini huo? Namba ikipita kiwango, mtafanya nini ambacho hamfanyi sasa? Nani atakaa naye saa nane za usiku, na ana wagonjwa wangapi? Mtajuaje maambukizi yameanza? Na kipimo kitatolewa lini? Hili la mwisho lina jibu lililo wazi kuliko mengine, kwa sababu hatari ya maambukizi inaongezeka kadiri mrija unavyokaa: siku ambayo hakuna tena uamuzi wa matibabu unaoingoja namba yake, ndiyo siku ya kuutoa.